Neno Moja, Maana 645: Hesabu Inayowatisha Bure Wanaojifunza Kiingereza

Kuna takwimu moja inayopendwa sana na walimu wa Kiingereza, watunzi wa maswali ya chemshabongo na kila anayetaka kuonyesha kwamba lugha hiyo ni bahari isiyo na mwisho. Inasema kitenzi "run" (kukimbia), neno la herufi tatu ambalo mtoto hulijua kabla hajaanza shule, kina maana 645. Takwimu yenyewe si ya uongo. Ilitoka kwa wahariri wa Oxford English Dictionary, kamusi kubwa ya kihistoria ya Kiingereza, walipokamilisha kukirekebisha kitomeo hicho, yaani maelezo ya neno hilo katika kamusi, mwaka 2011. Mhariri Peter Gilliver alikaa na neno hilo miezi tisa. Na hizo 645 ni za kitenzi peke yake. Nomino "run", nayo ina maana zake tele, haimo kwenye hesabu.

Ninachokipinga ni namna tunavyoielewa takwimu hiyo. Anayeisikia huondoka na wazo moja kati ya mawili: ama Kiingereza ni lugha tajiri kupindukia, ama ni vurugu ambayo mgeni hataimaliza hata akijifunza maisha yake yote. Hakuna hata moja linalofuata kutokana na hesabu ile. Idadi ya maana katika kamusi hutueleza zaidi jinsi mhariri alivyogawa kazi yake kuliko jinsi neno linavyotumika vinywani mwa watu. Na mwanafunzi aliyeaminishwa kwamba neno moja tu lina maana 645 za kukariri huwa ameshakata tamaa kabla somo halijaanza.

Tazama kwanza "run" ilifikaje kileleni. Kwa miaka mingi neno lililosifika kwa maana nyingi kuliko yote lilikuwa "set" (kuweka, kupanga). Katika toleo la pili la kamusi ya Oxford, lililotoka mwaka 1989 katika juzuu 20, maelezo ya "set" yalikula takriban maneno 60,000, na maana zake zilizidi 400. Baadaye wahariri wakaanza kuirekebisha kamusi nzima. Hawakuanzia A. Walianzia M, na matunda ya kwanza yakaonekana mwaka 2000. Mwaka huohuo "make" (kutengeneza) ikaipita "set". Mwaka 2007 "put" (kuweka) ikaipita "make". Mwaka 2011 "run" ikaipita "put". M, kisha P, kisha R: rekodi ilikuwa inafuata alfabeti! Kila wahariri walipofika kwenye kitenzi kingine cha kila siku, wakiwa na maandishi ya kidijitali ambayo watangulizi wao hawakuwahi kuwa nayo, kitenzi hicho kilitoka kikiwa kinene kuliko kilichotangulia. "Set", yenye S yake, ilikuwa bado inasubiri zamu, na maelezo yake kwa kiasi kikubwa yalikuwa yale yale yaliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 20.

Wapo walioandika wakati ule kwamba ushindi wa "run" ni alama ya zama zetu za mbio, na kwamba "set" na "put" ni maneno ya watu waliotulia. Wazo hilo linavutia, na lina chembe ya ukweli ndani yake. Mapinduzi ya viwanda yaliipa "run" kazi nyingi mpya: treni, saa, mitambo, injini, na baadaye programu za kompyuta. Lakini huwezi kumtangaza mshindi wakati mmoja amepimwa kwa futi mpya na mwenzake kwa futi iliyofutika alama. Kabla ya kusoma tabia ya zama katika kamusi, tuulize kwanza wahariri walikuwa wamefika herufi gani.

Halafu hesabu hizi hubadilika kabisa ukibadilisha mhesabuji. WordNet, hazina ya maneno ya Kiingereza iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Princeton na kutumiwa sana na watafiti wa lugha na kompyuta, inakipa kitenzi hicho hicho maana 41. Si makosa, wala si uvivu. Oxford wanaandika historia: kila matumizi yaliyowahi kuandikwa huhifadhiwa, yakiwemo yaliyokufa karne nyingi zilizopita, na kila moja huonyeshwa lilipoanza kuonekana. Kwa kazi hiyo, kugawa vipande vidogovidogo ni wajibu. Princeton walitaka mtandao wa dhana zinazotumika sasa. Swali la "run ina maana ngapi" halina jibu mpaka useme unahesabu kwa ajili ya nini.

Chukua mifano minne. Wazungumzaji wa Kiingereza husema mto "runs", pua "runs", machozi "run" na rangi ya ukutani "runs". Hizo ni maana nne au moja? Mhariri mmoja ataona kimiminika kinachosogea chenyewe, atazifunga zote pamoja na kuendelea na kazi nyingine. Mwenzake atasema hapana: kwa pua kinachotoka ni kamasi, pua yenyewe haiendi popote, na rangi ikifanya hivyo ni hitilafu ya kazi ya fundi, wakati mto ukifanya hivyo ni hali yake ya kawaida. Wote wawili wako sahihi. Sisi tunasema mto unatiririka, kamasi zinatoka, machozi yanabubujika, rangi inachuruzika, na hatujioni kuwa tumetatua fumbo lolote. Tumegawa tu mahali ambapo wao hawakugawa.

Samuel Johnson aliliona tatizo hili zamani. Katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755 alivitaja kwa majina vitenzi vilivyomtesa, vikiwemo "come", "get", "give", "go", "make", "take", "turn" na hiyohiyo "run", akieleza kwamba matumizi yake ni mapana na hayashikiki, na kwamba maadamu lugha iko hai, maneno haya hubadilisha mahusiano yake kila saa. Angalia orodha yake: yote ni maneno yanayosemwa mara nyingi kila siku. Mwaka 1945 George Kingsley Zipf, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, alionyesha kwa hesabu kwamba kadiri neno linavyotumika mara nyingi ndivyo linavyobeba maana nyingi, na jambo hilo limeonekana katika lugha nyingi tangu hapo. Kwa hiyo kulimbikiza maana si kipawa cha Kiingereza. Ni hali ya neno lolote linalofanyishwa kazi sana. Mzungumzaji wa Kiswahili anayeshangaa "run" ajaribu kumweleza mgeni "piga": tunapiga simu, pasi, picha, deki, mswaki, kura, hodi, magoti, mbizi, chafya, kambi, soga na marufuku, na katika nyingi ya hizo hakuna kitu kinachogongwa.

Sehemu inayonivutia zaidi katika historia ya "run" ni ile isiyotajwa kwenye chemshabongo. Neno hili ni vitenzi viwili vilivyoungana. Katika Kiingereza cha kale kulikuwa na kitenzi cha kutiririka na kukimbia, na pembeni yake kitenzi ndugu cha kusababisha kitu kikimbie, kwa mfano kumkimbiza farasi. Vile vya Waskandinavia waliohamia Uingereza vilifanana navyo, na vyote vikayeyuka ndani ya umbo moja. Kijerumani, ambacho ni ndugu wa Kiingereza, kimebaki na maumbo mawili mpaka leo: "rinnen" ni kutiririka, "rennen" ni kukimbia, na hili la pili lilianza likiwa na maana ya kusababisha. Kiingereza kikapoteza tofauti hiyo. Ndiyo maana leo farasi "runs", na mwenye farasi naye "runs" farasi wake; kampuni "runs" vizuri, na mkurugenzi "runs" kampuni.

Kiswahili kingeshughulikia hilo kwa kiambishi kimoja. Kitu kinaenda, mtu anakiendesha. Huyo "-sh-" ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maana za "run" zinazomtisha mwanafunzi: kuendesha biashara, kuendesha mtambo, kuendesha mafunzo, kuendesha programu. Zote ni wazo moja, kukifanya kitu kiende, na msemaji wa Kiswahili analo tayari. Hata "run out", ambayo vitabu vya mazoezi huipa ukurasa mzima, ni "isha" na "ishiwa" tu. Sukari imeisha, tumeishiwa sukari. Kiingereza hutumia neno dogo la kusimama nyuma ya kitenzi pale ambapo sisi hutumia mnyambuliko ndani ya kitenzi.

Na hapa ndipo ulinganisho wa hesabu unapokosa haki kabisa. Kamusi za Kiswahili huviorodhesha "endesha", "endea", "endana" na "endelea" kila kimoja na maelezo yake, aghalabu kama maneno tofauti. Tazama "pita": kuna pitia, pitisha, pitana, pitwa, pitiliza, na kuna "pitiwa", ambayo ni kusahau jambo au kuchukuliwa na usingizi. Tungeyarundika yote chini ya "pita" na kuhesabu, ukiongeza kupita mtihani, kupita mtu kwa umri, kupitisha sheria na kupitisha muda, neno letu nalo lingevimba. Hatufanyi hivyo kwa sababu sarufi yetu inayaweka wazi kama maneno tofauti. Kiingereza kina maneno tofauti pia, ila yamevaa sare.

Hilo linaonekana ukisogea karibu. Kuna sentensi mbili: "She ran up a hill" na "She ran up a bill". Ya kwanza ni mwanamke aliyekipanda kilima mbio. Ya pili ni mwanamke aliyelimbikiza bili. Zinatofautiana kwa herufi moja tu, na kwenye karatasi zina muundo uleule. Sasa ondoa kilima na bili, weka kiwakilishi "it". Kwa bili, Mwingereza husema "She ran it up". Kwa kilima hawezi. Lazima aseme "She ran up it". Maana yake ni kwamba "up" ya kilima inashikamana na kilima, inaonyesha upande aliokimbilia. "Up" ya bili inashikamana na kitenzi, na "run up" ni kitenzi kimoja chenye vipande viwili. Anayezungumza lugha hiyo tangu utotoni anafuata tofauti hii bila kuijua. Kamusi ikija kuhesabu, inaweka vyote chini ya "run".

"Run down" ni shule nzima. Gari likimfanyia mtu hivyo, limemgonga. Mtu akimfanyia mwenzake, anamponda, anamsema vibaya. Polisi wakimfanyia mtuhumiwa, wamemsaka mpaka wakamkamata. Msomaji akiifanyia orodha, anaipitia harakaharaka kutoka juu hadi chini. Betri haimfanyii yeyote, inaisha yenyewe. Ukiandika kama kivumishi, nyumba iliyo "run-down" imechakaa, na mtu aliye hivyo amedhoofika kwa uchovu. Ukiiunganisha kuwa nomino, "rundown" ni muhtasari wa mambo yaliyojiri. Ukiyasoma haya kwa kufuatana, yanachosha. Lakini rudi uyasome tena uone kilichokuongoza: kila mara nilianza kwa kutaja nani anafanya na anamfanyia nani. Gari na mtu, betri bila mtu, msomaji na orodha. Ukishavijua hivyo, maana imeshabaki moja. Hakuna Mwingereza anayesikia habari za betri kisha akaanza kujiuliza kama imegongwa.

Warren Weaver, mwanahisabati wa Marekani aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kupendekeza kompyuta zitafsiri lugha, aliliandika jambo hili katika waraka wake wa mwaka 1949. Alisema ukitazama ukurasa kupitia tundu linaloonyesha neno moja tu kwa wakati mmoja, huwezi kujua maana ya neno lenye maana nyingi. Ongeza upana wa tundu ili uone maneno kadhaa ya kushoto na kulia, na wakati fulani maana itajulikana. Swali lililobaki kwake lilikuwa ni maneno mangapi yanatosha. Programu za leo za kutafsiri zimejengwa juu ya msingi huohuo kwa upana mkubwa zaidi: hazibebi orodha ya maana 645 za kuchagua, zinapima neno kwa majirani zake.

Naona uchungu kwamba madarasa mengi bado yanafundisha kupitia tundu la neno moja. Mwanafunzi anapewa "run" juu ya ukurasa na maana 20 chini yake, anazikariri, anafanya mtihani, anazisahau. Kitu cha kubeba kutoka darasani ni neno na jirani zake: "run a business", "run a risk" ambayo ni kujiweka hatarini, "run a bath" ambayo ni kufungulia maji ya kuoga, "run a story" ambayo ni gazeti kuchapisha habari. Anayejua vipande kumi vya namna hiyo anaweza kuzungumza kesho asubuhi. Anayejua maana 20 zilizo peke yake hana cha kusema, kwa sababu hakuna mtu duniani anayezungumza kwa maana zilizo peke yake.

Lazima niseme pia kwamba majirani hawatoshi kila mahali. Kuna maana za "run" zilizozaliwa ndani ya kazi au mchezo fulani, na hizo huzipati kwa kukisia hata usome aya nzima. Katika kriketi, "run" ni pointi. Chanzo chake ni wazi: wapigaji wawili hukimbia kubadilishana nafasi kati ya wiketi mbili, yaani vijiti vilivyosimikwa ardhini, zilizoachana yadi 22. Lakini mpira ukipigwa ukavuka mpaka wa uwanja baada ya kugusa ardhi, mpigaji hupewa "runs" nne, na ukivuka bila kugusa ardhi hupewa sita, hata kama hakukimbia hata hatua moja. Neno limebaki kwenye ubao wa matokeo, mbio zimeondoka.

Benki ni hivyohivyo. "Run" ya benki ni wateja wengi kukimbilia kutoa amana zao kwa wakati mmoja kwa hofu kwamba benki itaanguka. Mwezi Septemba 2007 watu walipanga foleni nje ya matawi ya Northern Rock nchini Uingereza, na picha za foleni zile zikaongeza hofu. Mwezi Machi 2023 ilikuwa zamu ya Silicon Valley Bank huko Marekani. Wateja walijaribu kutoa dola bilioni 42 katika siku moja, wengi wao wakiwa wamekaa mbele ya skrini zao. Neno halikubadilika. Anayejua tu kwamba "run" ni kukimbia ataikuta habari hiyo na atadhani benki ilikuwa ikikimbia.

Siasa nayo ina upekee wake: mgombea wa Marekani "runs", wakati wa Uingereza anayetaka ubunge kwa kawaida "stands", yaani anasimama. Shughuli ni ileile, na sisi kwetu wote wanagombea.

Sheria ndiyo ngumu kuliko zote. Mwanasheria anaposema sharti fulani "runs with the land", haongelei mpaka wa shamba wala mkondo wa maji. Anasema sharti hilo linaifuata ardhi, linambana hata mnunuzi ambaye hakulisaini. Mwaka 1848 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Tulk dhidi ya Moxhay kuhusu bustani ya Leicester Square mjini London. Mmiliki wa awali aliiuza kwa sharti kwamba iachwe wazi, na mnunuzi wa baadaye, aliyelijua sharti hilo, alitaka kujenga. Mahakama ilimzuia. Wanafunzi wa sheria wanaisoma kesi hiyo mpaka leo, na hakuna idadi ya sentensi za jirani ambayo ingempa msomaji wa kawaida maana ya "run" iliyo ndani ya somo hilo. Anahitaji kuelezwa na mtu anayeijua kazi, kama vile wakili anavyohitaji kuelezwa "run" ya kriketi. Maana za namna hii ndizo zinazostahili nafasi yake kwenye daftari, kila mtu na za fani yake: mhasibu achukue ya benki, mtangazaji wa michezo achukue ya uwanjani, mwanafunzi wa sheria achukue ya ardhi, pamoja na nyingine ya muda unaoanza kuhesabika dhidi ya mdai tangu siku alipopata haki ya kushtaki.